Siku Tano Kongamanoni, na Swali Nililojijibu Mwenyewe

Siku ya kwanza

Bomba la bango halikuingia kwenye kabati la mizigo juu ya viti. Nimelipakata saa saba nzima kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani. Abiria wa pembeni yangu alivumilia weee, mwishowe akauliza lina nini. Nikamwambia ni bango la kongamano la walimu wa udaktari wa familia.

"Daktari wa familia," akarudia taratibu. "Familia ya nani?"

Nimeulizwa swali hili mara nyingi mno hata nina majibu mawili, fupi na refu. Fupi: ya yeyote anayefungua mlango. Refu linaanza kwa kueleza kwamba mabingwa wengine wamegawana mwili, huyu kachukua moyo, yule figo, na wengine wamegawana umri, ilhali sisi tumeachiwa mtu kamili pamoja na nyumba anayotoka. Mgonjwa hufika kwetu kabla hajajua kama tatizo lake ni la moyo, la figo au la ndoa. Nilimpa hilo refu. Nilipofika kwenye Azimio la Alma-Ata la 1978, lile la afya ya msingi kwa wote, alikuwa anakoroma.

Safu tatu nyuma yangu ameketi mwanafunzi wangu. Namwita mwanafunzi kwa mazoea tu, na ni kumpunja: ni daktari aliyefanya kazi miaka kadhaa kabla ya kurudi kusomea ubingwa, na sasa yuko mwaka wa pili. Hili ni kongamano lake la kwanza. Ratiba ameichapa na kuipaka rangi, njano kwa vikao ambavyo hataki kuvikosa, kijani kwa vile vya kuendea kama miguu itakuwa bado na nguvu. Mimi ratiba sijaifungua. Nimekuja na bango, na nikisema kweli, nimekuja nisifiwe bango.

Lenyewe linahusu namna ya kufundisha wakati kliniki imejaa. Mwaka 1992 Jon Neher na wenzake nchini Marekani walichapisha njia ya hatua tano kwa mwalimu mwenye dakika chache tu kati ya mgonjwa na mgonjwa. Mwanafunzi anatoka chumbani na kukusimulia alichokikuta. Badala ya kumshushia mhadhara, unamtaka kwanza aseme msimamo wake: wewe unadhani ana nini? Kisha unamwuliza kilichomfikisha hapo. Unamwachia kanuni moja, si kumi. Unamtajia alichofanya vyema kwa kukitaja hasa, maana "umefanya vizuri" haimfundishi mtu kitu. Mwisho unamrekebisha alipoteleza. Tuliwapitisha walimu wa kliniki yetu kwenye hatua hizi, tukawapa dodoso, wakasema wamezipenda, nikachora grafu.

Tumefika usiku. Beji kesho.

Siku ya pili

Foleni ya beji ilizunguka ukumbi mara mbili. Wote waliokuwa humo ni watu ambao kazini kwao kutwa wanalaumiwa kwa sababu ya foleni, na hakuna aliyeonyesha kujua la kufanya.

Kwa asubuhi nilichagua makusudi warsha ya zile hatua tano. Nia yangu ilikuwa nikae nyuma, niwe naitikia kwa kichwa kama mwenye nyumba.

Mwendesha warsha hakuwa na slaidi hata moja. Alitugawa watatu watatu: mmoja mwalimu, mmoja mwanafunzi, mmoja mtazamaji mwenye saa. Kazi ya mtazamaji ilikuwa kuandika mambo mawili tu: mwalimu akishauliza amenyamaza sekunde ngapi, na nani amelijibu swali.

Nikawa mwalimu. Aliyeigiza mwanafunzi alikuwa profesa wa makamo, na alikuwa na kipaji, kwani alishika karatasi kwa mikono miwili na hata sauti ikapungua miaka ishirini. Akasimulia habari za mwanamke wa miaka 46, uchovu wa miezi mitatu, usingizi wa mang'amung'amu, presha iko sawa, vipimo vya damu bado. Nikauliza hatua ya kwanza, tena kwa upole wote nilionao: "Kwa hiyo wewe unadhani ana nini?"

Akatazama karatasi.

"Upungufu wa damu, siyo?" nikasema. "Au tezi ya shingo. Na usisahau msongo wa mawazo."

Mtazamaji akabonyeza saa. Sekunde mbili. Aliyejibu: mwalimu.

Tukarudia. Safari hii niliuma meno nikafika sekunde nne, nikaongeza "kwa mfano, damu?" Sekunde nne za kimya mbele ya watu si mchezo, nilisikia kiyoyozi, nikasikia mtu akikohoa chumba cha pili. Mara ya tatu ndipo yule profesa alipopata nafasi ya kusoma kilichokuwa mstari wa mwisho wa karatasi yake tangu mwanzo: mwanamke huyo anamwuguza mama yake, na mama huamka kila usiku saa nane. Nilikuwa nimelipita hilo mara mbili nikikimbilia tezi.

Baada ya hapo mwendesha warsha ndipo akatupa tafiti, wakati tukiwa tumeshachubuka. Ya kwanza haikuwa ya hospitali hata kidogo. Mary Budd Rowe, Mmarekani aliyechunguza ufundishaji wa sayansi shuleni, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba mwalimu akishauliza swali husubiri kama sekunde 1 tu. Walimu walipofunzwa kusubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, na watoto waliokuwa wakinyamaza siku zote wakaanza kusema. Kisha mwendesha warsha akageukia vyumba vyetu vya kuonea wagonjwa. Mwaka 1984 Beckman na Frankel walipima muda anaopewa mgonjwa kueleza kilichomleta kabla daktari hajamkatiza: wastani wa sekunde 18. Mwaka 1999 kundi lingine likapima kwa madaktari wa familia, likapata 23. Utafiti wa 2018 ukaja na sekunde 11. Najua tafiti hizi hazikufanywa kwa namna moja wala kwa madaktari wa aina moja, na mtu mwangalifu hawezi kuzipanga mstari mmoja akachora grafu. Lakini hakuna aliyeinua mkono kulisema hilo. Tulikuwa tunatazama viatu vyetu.

Kwa hiyo ndivyo nilivyokuwa nikifundisha miaka yote: wasimkatize mgonjwa. Na nilikuwa nikiwafundisha hayo kwa kuwakatiza.

Jioni mwanafunzi wangu aliniuliza, "Warsha ilikuwaje, Mwalimu?"

"Nzuri," nikasema.

Akangoja. Yeye kungoja anajua. Nikatazama lifti.

Siku ya tatu

Kikao kikuu cha asubuhi nilitarajia kiwe cha kusinzia. Mzungumzaji akatuomba sote tusimame, watu kama mia nne hivi.

"Nyinyi ndio watu wazima wa mji mzima," akasema, "na huu ni mwezi mmoja." Akaketisha robo ya ukumbi: hawa mwezi huu hawakuumwa wala kuumia. Mimi nikawa miongoni mwao, jambo lisilonitokea mara nyingi. Mia tatu wakabaki. "Sasa wakae wote ambao hawakwenda kwa daktari." Ikabaki mia moja, mwanafunzi wangu akiwa kati yao na daftari lake mkononi. "Wakae wote ambao hawakulazwa." Wakabaki wanne, wametawanyika, wanachekana kwa mbali. "Na sasa nitafutieni aliyepelekwa hospitali ya chuo kikuu."

Hesabu ikakataa. Kwa mia nne, hata mtu mmoja hatimii. Mzungumzaji akavua koti lake, akalitundika kwenye kiti cha mbele peke yake. "Huyu," akasema, "ndiye tunayemtumia kuwafundishia madaktari wote."

Takwimu zenyewe ni za Kerr White na wenzake, 1961: katika watu wazima 1,000 kwa mwezi mmoja, 750 hupata ugonjwa au jeraha, 250 humwona daktari, 9 hulazwa, 5 hupelekwa kwa daktari mwingine, na 1 hufika hospitali ya chuo kikuu. Mwaka 2001 Larry Green na wenzake walirudia hesabu hiyo kwa Marekani, na umbo la picha likabaki karibu lile lile. Nimezisoma namba hizi mara nyingi, nimezitungia maswali ya mtihani. Sikuwahi kuliona lile koti. Mwanafunzi aliyelelewa wodini miaka mitano humjua vizuri sana mtu wa koti, kisha tunamleta kwetu na kushangaa kwamba mgonjwa mwenye kikohozi cha siku tatu anampa kiwewe.

Mchana zamu ya mabango. Dakika tisini. Pini zilikuwa tatu, pembe ya nne ya bango ikawa inapiga saluti kila mtu apitapo.

Wa kwanza kusimama aliuliza vyoo viko wapi. Wa pili alipiga picha bango la jirani yangu, na nadhani kiwiko changu kimo. Wa tatu alikuwa mama mmoja mzee, mwalimu mstaafu kwa maneno yake mwenyewe, beji imegeuka nyuma mbele. Alisoma kila kitu, hadi maandishi madogo ya chini ambayo hata mimi niliyanakili tu. Alipomaliza akavua miwani.

"Walimu waliipenda njia hii?"

"Sana."

"Wakabadilika?"

Nilifungua mdomo, nikaufunga. "Hilo hatukulipima."

"Na wanafunzi waliona tofauti yoyote?"

"Hilo nalo pia."

Akanikumbusha ngazi nne za Donald Kirkpatrick, aliyeziandika mwaka 1959 kwa ajili ya kupima mafunzo kazini: je, walipenda, je, walijifunza, je, wanatenda tofauti, je, kuna kilichobadilika kwa wanaohudumiwa. "Umepanda ya kwanza," akasema bila kejeli. "Wengi humu tumesimama hapo hapo, tunabanana." Kisha akamwona mwanafunzi wangu, aliyekuwa ameishika ile pembe ya nne kwa kidole. "Huyu ni wako? Mwanangu, mwalimu wako huyu, hatua hizi tano anazifanya?"

Mwanafunzi wangu akafikiri. Akafikiri kwa muda unaozidi kabisa sekunde tatu.

"Hatua ya tano anaiweza sana," akasema.

Yule mama alicheka hadi akajishika kwenye ubao, na pini ya tatu ikaanguka. Mimi nilicheka pia, lakini baadaye, nikiwa peke yangu.

Siku ya nne

Vikao vya akili unde vilijaa hadi watu wakakaa sakafuni. Sikuingia. Tulikwenda kwenye vikundi vya Balint, mimi chumba kimoja, yeye kingine, kwa sababu mwalimu na mwanafunzi wake hawakuwekwa mduara mmoja.

Michael Balint alikuwa mchambuzi wa nafsi mzaliwa wa Hungaria. Katika miaka ya 1950, London, yeye na mkewe Enid walikuwa wakikaa na madaktari wa kawaida kuzungumzia wagonjwa waliokuwa wakiwaelemea. Alilolisema likabaki ni hili: dawa inayotumiwa zaidi na daktari wa jumla ni daktari mwenyewe, na hakuna kitabu cha dawa kinachotaja kipimo chake wala madhara yake.

Mduara wetu ulikuwa wa watu tisa na viongozi wawili. Hakuna faili, hakuna picha za eksirei. Mmoja anasimulia kisa kutoka kichwani, wengine wanauliza machache ya kupata picha, kisha msimuliaji anarudisha kiti chake nyuma na kunyamaza, huku wenzake wakimwazia mgonjwa na daktari kana kwamba mwenye kisa hayupo. Hakuna kutoa ushauri. Hakuna "kwa nini hukupima kile". Kinachosemwa mle kinabaki mle, kwa hiyo sitakisimulia, ila langu mwenyewe nina ruhusa nalo: dakika ya sita nilishapendekeza dawa na kipimo chake. Kiongozi aliinua kiganja kidogo tu, kama mtu anayezuia mlango usijibamize.

Mwanafunzi wangu alitoka chumba chake macho yamekolea wekundu, lakini anatabasamu. Kama alisimulia au alisikiliza tu, sijui. Kama kwenye kisa chake alikuwamo mwalimu aliyeingia chumbani na kumaliza kila kitu kwa dakika nne, hilo nalo sijui, na kanuni ya mduara hainiruhusu kuuliza.

Nasema hivyo kwa sababu ipo siku moja ninayoikumbuka. Yeye alikuwa na mgonjwa mzee, majibu yamekuja mabaya, ameshamwambia. Nilipobisha na kuingia walikuwa wamekaa kimya wote wawili. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, midomo inacheza kama anayetafuta neno la kuanzia. Mimi nikaona kimya kile ni pengo. Nikalijaza: hatua zinazofuata, miadi, namba ya kupiga. Niliyasema vizuri, kwa mpangilio, hata kwa huruma. Mzee akasimama, akanishukuru mimi, akaondoka. Alichokuwa anataka kusema aliondoka nacho. Mwanafunzi wangu aliandika kwenye faili bila kuinua macho, na mimi, Mungu anisamehe, nikamwuliza kama kuna kipya alichojifunza.

Alasiri kikao cha upimaji. Walianza na piramidi ya George Miller ya 1990: anajua, anajua namna, anaonyesha namna, anatenda. Mtihani wa vituo, ule ambao Ronald Harden na wenzake wa Dundee waliuandika mwaka 1975, unafika ghorofa ya tatu: mwanafunzi anaonyesha mbele ya mgonjwa wa kuigiza, kengele inalia, anahamia kituo kingine. Ghorofa ya juu ni kazi yenyewe, siku ya kawaida, hakuna anayetazama. Mwaka 2005 Mholanzi Olle ten Cate alikuja na swali la upande mwingine: acha kwanza alama, niambie ni kazi ipi ungemkabidhi huyu aifanye bila wewe. Ngazi zake ni tano. Atazame tu. Atende ukiwa chumbani. Atende ukiwa karibu wa kuitwa. Atende peke yake. Awasimamie wengine.

Napenda swali hili kuliko alama, kwa sababu kila mwalimu tayari huwa nalo tumboni usiku wa zamu. Anajua ni simu ya nani ikilia ataruka kitandani na ya nani atageuka ubavu. Tatizo ni kwamba tumbo la mwalimu nalo lina mazoea yake.

Tukapewa karatasi: chagua mwanafunzi mmoja, kazi moja, ngazi aliyopo, na kinachokuzuia kumpandisha. Niliandika haraka. Kazi: kumpokea mgonjwa mwenye malalamiko mengi yasiyo na jina. Ngazi: ya tatu. Kinachozuia: hapo kalamu ikasimama. Anajua dawa zake. Hajawahi kunificha kosa. Wagonjwa humwulizia kwa jina. Dakika zikaisha, watu wakaanza kukusanya karatasi, nami nikaandika kitu pekee kilichokuwa kweli: sijawahi kumsikiliza hadi mwisho.

Siku ya tano

Kikao cha kufunga sikukihudhuria chote. Niliondoa bango, nikalikunja mara nne kama shuka, na bomba nikampa kijana aliyekuwa amebeba lake mikononi likijipinda kila upande.

Safari imecheleweshwa saa mbili. Tumekaa langoni. Mwanafunzi wangu amepitia ratiba yake akiweka alama kwenye vya njano alivyovipata. Vya kijani hakufika hata kimoja.

"Mwalimu," akasema, "Jumatatu wanafunzi wa mwaka wa nne wanaanza kwetu. Wanne."

"Wasimamie wewe."

Akageuka kunitazama. "Mimi? Na wewe ukiwa wapi?"

Nilikuwa na maelezo. Nilikuwa nayo mengi na yamepangika: kuhusu ngazi ya tano, kuhusu ile karatasi, kuhusu namna ya kugawa wagonjwa wa asubuhi. Nikahesabu. Moja. Mbili. Tangazo la lango lingine likapita juu ya vichwa vyetu. Tano. Sita.

"Chumba kina viti vitatu," akasema hatimaye, kama anayejisemea. "Mgonjwa kimoja. Mwanafunzi kimoja. Mimi kimoja. Wengine watapokezana." Akanyamaza tena. "Kwa hiyo wewe huna kiti."

"Nitakaa nje kwenye benchi."

"Na wagonjwa?"

"Na wagonjwa. Ukinihitaji utatoka uniite."

Akanitazama kwa muda, kama anayepima uzito wa kitu kwa macho. Kisha akaigeuza ratiba upande usio na rangi, akaniomba kalamu, akaanza kupanga zamu za Jumatatu.